Mlinganyo wa mstari kwa nukta na mteremko: maswali ninayoulizwa kila mwaka

Jioni, baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, hukaa na vijana wa sekondari kwenye kibaraza cha nyumba moja hapa Ngamiani, Tanga. Ubao tumeuegemeza ukutani, mikeka imetandikwa, tunafanya hisabati. Kila mwaka tukifika kwenye mlinganyo wa mstari mnyoofu, maswali yanakuwa yaleyale. Wa kidato cha kwanza wanauliza kwa sababu ndiyo mara yao ya kwanza kuuona, na wa kidato cha nne wanauliza kwa sababu somo limewarudia na walilisahau. Nimeyaandika hapa na majibu yake, kwa mpangilio uleule yanavyojitokeza kibarazani. Chukua kalamu na karatasi, maana hisabati haisomwi kwa macho peke yake.

Mlinganyo wa nukta na mteremko ni kitu gani?

Ni namna ya kuandika mlinganyo wa mstari mnyoofu ukiwa unajua mambo mawili tu: nukta moja ambayo mstari unapitia, na mteremko wa mstari huo, yaani kiasi unachopanda au kushuka kwa kila hatua moja ya kwenda kulia. Nukta tunaiita (x₁, y₁), mteremko tunauita m, kisha tunaandika:

y − y₁ = m(x − x₁)

Kibarazani tunausoma kwa sauti: "y toa y-moja, sawasawa na m mara mabano, x toa x-moja." Herufi zenye kinamba chini ndizo unazozipachikia namba ulizopewa. Zile x na y tupu unaziacha zilivyo mpaka mwisho, kwa sababu zinasimama badala ya nukta yoyote iliyo juu ya mstari.

Mfano: mstari unapita kwenye (3, 4), mteremko wake ni 2. Unaandika y − 4 = 2(x − 3). Hapo mlinganyo umekamilika. Wanafunzi wengi hawaamini kwamba kazi imeisha, wanadhani lazima kuna jambo wamelisahau. Hakuna.

Kanuni hii nikariri?

Usiikariri. Nalisema hili kwa moyo wote, kwa sababu nimeona vijana wengi wakiimeza usiku na kuitapika kinyumenyume asubuhi chumba cha mtihani. Kanuni hii ni maana ya mteremko yenyewe, imeandikwa upya kidogo tu.

Mteremko ni badiliko la y ukiligawa kwa badiliko la x. Sasa chukua nukta mbili juu ya mstari. Ya kwanza imesimama mahali pake, kama kigingi: hiyo ni (x₁, y₁). Ya pili inatembea, leo iko hapa, kesho pale, lakini haitoki kwenye mstari: hiyo ni (x, y). Mteremko kati ya kigingi na mtembeaji ni

m = (y − y₁) ÷ (x − x₁)

na popote mtembeaji atakapofika, jibu ni m ileile, maana mstari mnyoofu haubadili mteremko njiani. Zidisha pande zote mbili kwa (x − x₁), unapata y − y₁ = m(x − x₁). Ndiyo hiyo hiyo.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wachache huliona, na mwanafunzi akiligundua mwenyewe hufurahi sana. Mtembeaji akisimama juu ya kigingi chenyewe, x − x₁ inakuwa sifuri, na ile ya kugawanya inagoma, kwa sababu hatugawanyi kwa sifuri. Ila ile ya kuzidisha haigomi: inasema 0 = 0, ambayo ni kweli. Kwa hiyo kule kuzidisha kumeirudisha kwenye mstari nukta iliyokuwa imeachwa nje.

Kama nakijua y = mx + c, cha nini tena hiki?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

Tuseme mgeni yuko Barabara ya 8 hapa Ngamiani, anataka kwenda Barabara ya 12. Hakuna mtu atakayemwambia arudi mpaka Barabara ya 1 ndipo aanze kuhesabu. Tutamwambia: kutoka hapo ulipo, vuka barabara nne mbele. Tunamwanzishia pale aliposimama.

Ile y = mx + c inakulazimisha uanze kwenye x = 0, maana c ndiyo mahali mstari unapoukata mhimili wa y. Kama umepewa c, vizuri, itumie. Lakini mara nyingi umepewa nukta iliyo mbali na mhimili, na c huijui. Hapo unapachika, unatafuta c, unarudi tena kuandika, na katika safari hiyo ndogo ndipo alama ya kutoa inapopotea. Kwa nukta na mteremko unaanzia pale unapojua.

Chukua nauli ya bajaji. Tuseme dereva anatoza shilingi 2,000 kwa safari ya kilomita 3 na shilingi 4,000 kwa kilomita 7, na nauli inapanda kwa kipimo kilekile. Mteremko ni (4,000 − 2,000) ÷ (7 − 3), yaani 500. Kila kilomita inayoongezeka ni shilingi 500. Mlinganyo:

y − 2,000 = 500(x − 3)

Usome kama mtu wa mtaani: "nauli inayozidi elfu mbili ni mia tano kwa kila kilomita inayozidi tatu." Hivyo ndivyo abiria anavyopiga hesabu kichwani. Safari ya kilomita 10 ina kilomita 7 zaidi ya zile 3, basi 7 mara 500 ni 3,500, jumlisha 2,000, unalipa 5,500. Ukifungua mabano utapata y = 500x + 500. Hiyo 500 ya mwisho ni nauli ya kilomita sifuri, na hakuna abiria aliyewahi kupanda bajaji akasafiri kilomita sifuri. Ni namba sahihi, inasaidia kwenye grafu, ila siyo mahali pa mtu kuanzia kufikiri.

Mwalimu, mteremko chanya mbona unapanda? Kuteremka si kushuka?

Anayeuliza hivi ni mtu anayekijua Kiswahili chake, na swali lake lina haki ya kujibiwa vizuri. Katika maneno ya kila siku kuteremka ni kushuka. Katika hisabati neno mteremko limechukuliwa kwa maana ya kipimo cha jinsi mstari ulivyolala au kuinuka, uwe unapanda au unashuka. Ukipanda, kipimo ni chanya. Ukishuka, ni hasi. Na tunausoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kama tunavyosoma maandishi.

Waliowahi kwenda Lushoto watanielewa haraka. Mombo iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu mita 1,400, na barabara inayopita Soni kati yao ni kama kilomita 33. Tuweke x kuwa umbali kutoka Mombo na y kuwa kimo, vyote kwa mita. Badiliko la y ni 1,000, badiliko la x ni 33,000, mteremko wa wastani ni karibu 0.03. Maana yake, kila mita 100 za barabara gari linapanda mita 3 hivi. Nasema wastani, kwa sababu ile kona kwa kona ya kuelekea Soni haina uhusiano na rula.

Kisha mwanafunzi atasema: lakini mimi nilikuwa narudi, natoka Lushoto nateremka Mombo. Sawa. Hesabu tena: kimo kimepungua 1,000, na umbali kutoka Mombo nao umepungua 33,000. Hasi 1,000 gawa kwa hasi 33,000 ni chanya ileile 0.03. Barabara haikubadilika kwa sababu wewe umegeuza uso. Ndiyo maana haidhuru uanze na nukta ipi unapotafuta mteremko, mradi uliyoanza nayo juu kwenye y ndiyo uanze nayo chini kwenye x. Ukichanganya, ukaanza na Lushoto juu na Mombo chini, alama itageuka na mlima utakuwa bonde.

Nimepewa nukta mbili, mteremko sikupewa. Nifanyeje?

Utafute kwanza, kisha chagua nukta moja kati ya hizo mbili uandike mlinganyo.

Nukta ni (−3, 4) na (5, −2). Mteremko ni (−2 − 4) ÷ (5 − (−3)), yaani −6 ÷ 8, yaani −3/4. Nikiitumia nukta ya kwanza:

y − 4 = −3/4 (x + 3)

Nikiitumia ya pili:

y + 2 = −3/4 (x − 5)

Sasa ipi kati ya hizo mbili ndiyo sahihi?

Zote. Ni mstari mmoja umeelezwa na watu wawili waliosimama sehemu tofauti. Kama huamini, zidisha kila mmoja kwa 4 na ufungue mabano. Wa kwanza: 4y − 16 = −3x − 9, yaani 3x + 4y = 7. Wa pili: 4y + 8 = −3x + 15, yaani 3x + 4y = 7. Zimekutana. Kwa hiyo jibu lako likitofautiana na la jirani yako, usilifute kabla ya kufungua mabano ya yote mawili.

Ushauri wangu mmoja: chagua nukta yenye namba zisizokusumbua. Kama moja ina sehemu au hasi na nyingine haina, chukua isiyo nayo.

Namba ikiwa hasi, mbona kwenye mabano inageuka kuwa kujumlisha?

Kwa sababu kanuni yenyewe ina kutoa ndani yake, na wewe unapachika namba ambayo tayari ina hasi. Kutoa hasi ni kujumlisha. Nukta (−3, 4) inakupa x − (−3), na hiyo ni x + 3.

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotelea, na nasema kwa uchungu kwa sababu nami nilizipotezea hapa. Nikiwa kidato cha pili niliandika x − 3 mahali palipotaka x + 3, kila hatua iliyofuata nikaifanya sawasawa, na jibu likawa la mstari mwingine kabisa. Tangu siku ile nina desturi moja na nawafundisha wote: kabla hujapachika, andika kanuni na mabano matupu, hivi:

y − ( ) = m(x − ( ))

Kisha tia namba ndani ya mabano pamoja na alama yake, bila kuigusa: y − (4) = −3/4 (x − (−3)). Mstari unaofuata ndipo usafishe alama. Ni mstari mmoja zaidi wa kuandika, unachukua sekunde chache. Vijana wanaona aibu kuandika hatua ndogo kama hiyo. Iandike.

Upande wa pili wa jambo hilohilo: ukipewa mlinganyo y + 2 = 5(x − 1) ukaulizwa unapitia nukta ipi, geuza alama zote mbili. Ni (1, −2), siyo (−1, 2).

Nawezaje kuchora grafu bila kufungua mabano?

Kwa urahisi kuliko kwa njia nyingine yoyote. Weka alama kwenye nukta, kisha tembea kwa mteremko. Kwa y − 4 = −3/4 (x + 3), nukta ni (−3, 4). Mteremko −3/4 unasema: nenda kulia hatua 4, shuka hatua 3. Unafika (1, 1). Rudia, unafika (5, −2), nukta yetu ya pili ya mwanzo. Pitisha rula. Mteremko ukiwa namba nzima kama 2, uandike 2/1: kulia moja, panda mbili.

Mtihani unataka jibu katika umbo gani?

Soma swali. Likisema y = mx + c, fungua mabano na ubakize y peke yake. Likisema ax + by + c = 0, ondoa sehemu kwa kuzidisha kila kitu kwa asili yake, ile namba ya chini, kisha hamishia vyote upande mmoja; mstari wetu wa juu utakuwa 3x + 4y − 7 = 0. Lisiposema chochote, mimi huwaambia waandike kwanza la nukta na mteremko lionekane kwenye karatasi, ndipo walirahisishe. Anayesahihisha aone ulikotoka.

Na mstari uliosimama wima kama nguzo ya umeme?

Huo hauna mteremko. Nukta zake zote zina x moja, badiliko la x ni sifuri, na hatugawanyi kwa sifuri. Kanuni yetu haiufai. Kama unapita kwenye (4, 9), andika tu x = 4.

Usiuchanganye na uliolala. Uliolala una mteremko, nao ni sifuri: kwa nukta (2, 6), y − 6 = 0(x − 2), yaani y = 6.

Mistari sambamba na inayokutana kwa pembe mraba naiandikaje?

Sambamba ina mteremko mmoja. Barabara zetu za namba hapa Ngamiani ni mfano uliopo miguuni: zimelala upande mmoja na zinatofautiana mahali zilipoanzia tu. Basi ukiambiwa andika mlinganyo wa mstari unaopita (1, 6) ulio sambamba na y = 2x − 5, unachukua mteremko 2, unaacha ile −5 kwa mwenyewe, unaandika y − 6 = 2(x − 1).

Kwa pembe mraba, geuza mteremko kichwa chini miguu juu, kiasi, ile namba ya juu, kiwe asili na asili iwe kiasi, kisha badili alama. Mteremko 2/3 unazaa −3/2. Ukizidisha hizo mbili unapata −1, na hicho ndicho kipimo chako cha kuhakikisha. Mstari unaopita (2, 5) na kuukata kwa pembe mraba mstari wenye mteremko 2/3 ni y − 5 = −3/2 (x − 2). Ukisafisha: 3x + 2y = 16. Kidato cha nne, hapa ndipo mara nyingi mnapoulizwa, na hapa ndipo mtaona thamani ya kuanzia kwenye nukta.

Haya mambo yanatumika wapi nje ya darasa?

Nitajibu kwa jambo nililolishuhudia.

Karibu na soko kuna mama mmoja anayeuza chakula, na binti yake ni mwanafunzi wangu wa kidato cha pili. Wana tangi la lita 1,000. Binti alikuwa ametengeneza ufito wa kupimia: alipokuwa akilijaza tangi kwa ndoo za lita 20, kila baada ya ndoo tano alitumbukiza ufito na kuukata alama kwa kisu pale maji yalipofika. Alama kumi, kila moja lita 100. Siku moja maji ya bomba hayakutoka. Saa 4 asubuhi alitumbukiza ufito ukaloa mpaka alama ya saba, lita 700. Saa 6 mchana ukaloa mpaka kidogo chini ya nusu ya nafasi kati ya alama ya tano na ya sita. Akakadiria lita 540.

Nilikuwa nakula wali pale. Alichukua kipande cha karatasi ya kufungia vitumbua akaandika: (540 − 700) ÷ (6 − 4) = −80. Kisha:

y − 700 = −80(x − 4)

Akaweka sifuri mahali pa y. Hasi 700 gawa kwa hasi 80 ni 8.75. Jumlisha 4, ni 12.75. Robo tatu ya saa ni dakika 45.

"Mama, tukienda hivi, maji yanaisha saa moja kasorobo."

"Na sisi tunafunga saa ngapi?"

"Saa mbili."

Mama akanyamaza kidogo, akifunika sufuria. "Basi sahani zioshwe kwenye beseni, mwanangu. Tusioshee bombani."

Mteremko ulikuwa hasi kwa sababu maji yanapungua, na ukubwa wake, 80, ndio lita zinazotumika kila saa. Kuosha kwenye beseni ni kuupunguza ukubwa huo. Tazama pia jinsi saa yetu ya Kiswahili inavyofaa kazi hii: tunahesabu toka jua linapochomoza, basi saa 4 ni nne kweli, na mchana mzima unakaa vizuri kwenye mhimili wa x.

Mfano mwingine wa hapa kwetu ni mkonge. Majani mabichi yakipita kwenye mashine ya kuchambua, ile tunayoiita korona, nyuzi kavu zinazopatikana ni karibu asilimia 4 ya uzito wa majani. Kilo 100 za majani, kilo 4 za nyuzi. Nukta ni (100, 4), mteremko 0.04: y − 4 = 0.04(x − 100). Fungua mabano uone kinachotokea: y = 0.04x, c imetoweka. Lazima itoweke, kwa sababu bila majani hakuna nyuzi. Kwa hesabu hiyo unaelewa ni malori mangapi ya majani yalihitajika kwa kila robota la nyuzi lililopita bandarini Tanga, na yote hayo yalitokana na mwaka 1893, pale mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida na ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani.

Herufi lazima ziwe x na y?

Hapana. Tumerithi x na y tangu René Descartes alipochapisha jiometri yake mwaka 1637, lakini herufi ni majina tu. Joto la maji yanayoganda ni nyuzi 0 za Selsiasi na 32 za Farenhaiti. Yanayochemka ni 100 na 212. Mteremko ni 180 ÷ 100, yaani 9/5. Nikianzia kwenye kuchemka: F − 212 = 9/5 (C − 100). Mtoto mwenye nyuzi 37: C − 100 ni −63, mara 9/5 ni −113.4, jumlisha 212, unapata 98.6. Hiyo ndiyo namba iliyo kwenye vipimajoto vya Farenhaiti.

Je, kila kinachopanda kinakwenda kwa mstari mnyoofu?

Hapana, na hili ni la kuangalia kwa makini. Muulize mvuvi yeyote wa huku. Maji ya bahari hujaa kwa muda wa karibu saa 6, lakini hayajai kwa mwendo mmoja. Yanapoanza hutambaa, katikati hukimbia, karibu na kujaa hutambaa tena. Wanamaji wana kipimo chao: gawa kimo chote mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tuseme maji yanapanda mita 3: saa ya kwanza ni robo mita tu, saa ya tatu ni robo tatu ya mita. Ukipima saa ya kwanza na kuandika y − 0 = 0.25(x − 0), mlinganyo wako utakwambia baada ya saa 6 maji yamepanda mita moja na nusu. Aliyeacha viatu na kikapu mchangani kwa kuamini hesabu hiyo atavikuta vinaelea.

Hesabu yako haikukosea. Ulichukua mteremko wa kipande kifupi ukaunyoosha mbali kuliko ulivyostahili.

Advansi wanautumia tena?

Sana, na kwa sababu hiyohiyo ya maji. Mkunjo ukiutazama kwa karibu sana, kipande kidogo chake kinafanana na mstari mnyoofu. Mstari huo unaougusa mkunjo mahali pamoja huitwa tanjenti, na kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, inakupa mteremko wake. Chukua y = x². Kwenye nukta (3, 9) mteremko ni 6, basi tanjenti ni y − 9 = 6(x − 3). Weka x = 3.1: mstari unasema 9.6, mkunjo wenyewe unasema 9.61. Wamepishana kwa sehemu moja ya mia. Weka x = 5: mstari unasema 21, mkunjo unasema 25. Wameachana. Hakuna anayeandika tanjenti kwa kuanzia kwenye c. Wote huanzia pale mkunjo unapoguswa.

Mimi ni mzazi, hisabati niliiacha zamani. Nitamsaidiaje mwanangu?

Muulize mambo mawili kwa Kiswahili: "Nukta yako iko wapi?" na "Ukienda kulia hatua moja, unapanda au unashuka, na kwa kiasi gani?" Akiweza kukujibu, mlinganyo anaujua, amebakiza kuuandika. Watoto wengi wamesoma msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari wakakutana na somo hilihili kwa Kiingereza, na mara nyingi kinachowakwamisha ni lugha. Hesabu wanayo. Mwache aeleze kwa lugha anayoota nayo, kisha aandike kwa ile ya mtihani. Nimeona mtoto aliyekuwa anapata sifuri akifunguka kibarazani kwa njia hiyo ndani ya jioni moja.

Nitajuaje jibu langu ni sahihi kabla sijakabidhi karatasi?

Rudisha nukta ndani ya jibu la mwisho, siyo ndani ya hatua ya kwanza. Ulipata 3x + 4y = 7 kutoka (−3, 4) na (5, −2)? Ya kwanza: −9 + 16 ni 7. Ya pili: 15 − 8 ni 7. Zote zimekubali. Kama nukta moja imekubali na nyingine imekataa, mteremko ndio wenye kosa, rudi hapo. Kama ulipewa nukta moja na mteremko na nukta hiyo imekataa, tazama alama ndani ya mabano, kwenye kile kipande cha x − (−3).